Panya Wenye Namba Masikioni

Mwezi uliopita walikuja vijana watatu na gari jeupe, wakaliacha pale chini barabara inapoishia, wakapanda kwa miguu hadi kwangu. Shikamoo zao zilikuwa nzuri, sina neno. Walisema wao ni watafiti, wanatafuta shamba la kuwekea mitego ya panya, na kwamba langu limekaa vizuri kwa kuwa upande mmoja limepakana na msitu na upande wa pili na nyumba za watu. Mmoja wao, binti mwenye miwani, akafungua kopo alilokuwa nalo mkobani anionyeshe chambo. Karanga zilizosagwa, zimekandwa na unga wa mahindi. Harufu ile ilinipanda puani, nikashika mwimo wa mlango.

Nikawaambia, shamba chukueni, panya chukueni, na maji ya kunywa nitawapa. Yule binti akashukuru, kisha akauliza kama nina mjukuu anayejua kusoma namba, awe anawasaidia asubuhi kabla wao hawajafika. Nikamwambia mtoto hapa hampati. Akacheka kidogo, akidhani natania. Nikarudia, naye hakucheka tena. Wamechukua mtu mzima kutoka Lukozi na kazi yao inaendelea, sina ugomvi nao. Lakini tangu siku hiyo harufu ya karanga haijanitoka, nikaona heri niandike, hasa kwa wenzangu wa rika langu mliokulia huku juu, ambao mengine mtayakumbuka bila kuelezwa. Mwandiko wangu ni wa darasa la nne, tena darasa la nne lisilokwisha. Nivumilieni.

Nyumba yetu ilikuwa ya miti na udongo, kama zenu. Mahindi tuliyaweka darini, juu ya moto, yakiwa bado kwenye magunzi, ili moshi uyafukize na wadudu wasiyaguse. Chini ya dari hilo ndipo tulipolala watoto, mimi na mdogo wangu Zaina, juu ya mkeka, kwa sababu ndipo palipokuwa na joto. Panya walikaa juu, sisi chini, na tulizoeana. Walipokimbizana darini masizi yalitudondokea usoni, Zaina akayafuta bila hata kufumbua macho. Hakuna aliyeona ni jambo la kushangaza. Mahindi yasiyo na panya ni mahindi ya nani?

Mwaka mmoja kabla ya haya ninayoeleza, tauni iliingia nyumba ya jirani yetu wa upande wa juu. Ilianza homa, wakavimba mitoki, wakafa wawili, mama na mwanawe wa kunyonya. Baba alikuwa mmoja wa waliowazika. Aliporudi alivua nguo zote nje, akaoga kwa maji ya moto na majivu, na kwa siku nyingi hakula nasi sinia moja. Sisi watoto hatukuelezwa kitu. Tuliambiwa tusipite kule, na hatukupita.

Ndipo akaja yule tuliyemwita Daktari. Alivaa koti jeupe, alikuwa na pikipiki, na mkoba wake ulijaa vyuma. Mimi niliona koti nikajua amekuja kutibu watu. Nilipoona anawapima panya kwa mizani ndogo ya kuning'iniza na kuwatazama meno, nikajua kumbe ni daktari wa panya, nikamhurumia kidogo, kwa kuwa niliona amepewa kazi ya chini kuliko wenzake.

Alichagua shamba la baba. Akalipima kwa kamba, akachomeka vigingi, mistari kumi, kila mstari vigingi kumi. Kila kigingi kikawekewa kisanduku cha bati chenye mlango wa kujifunga. Kwanza alijaribu vya mbao, panya wakavitafuna kwa siku mbili wakatoka, ndipo akaleta vya bati. Kisanduku kilikuwa na namba sawa na kigingi chake. Jioni unatia chambo, panya anaingia, mlango unajifunga, na asubuhi unamkuta mzima.

"Sasa, Mzee Salimu," Daktari alimwambia baba, "nahitaji mtu wa hapa hapa. Mimi nalala Lukozi, siwezi kufika kabla ya saa tatu. Jua likiwakuta humo ndani watakufa, au siafu watawala. Awepo mtu wa kupita alfajiri, akusanye vilivyofungwa, avilete hapa kwenye kibanda chako cha shamba. Nani anajua kusoma namba mpaka mia?"

Baba alitazama huku na huku kama mtu aliyepoteza jembe. Kaka zangu wawili walikuwa wameshuka Mazinde kukata mkonge. Mama hakusoma. Baba mwenyewe alikuwa na sura nyingi za Kurani moyoni, lakini tarakimu hizi za shule kwake zilikuwa mikwaruzo tu.

"Huyu," akasema, akanisukuma mbele. "Hadija anajua."

"Binti, baada ya sitini na tisa inakuja ngapi?"

"Sabini."

"Na kabla ya mia?"

"Tisini na tisa. Lakini hiyo ni rahisi."

Wote wawili wakacheka. Nilifurahi. Naliandika hilo kwa sababu ni kweli, nilisimama pale nimevimba kichwa. Hakuna aliyeniambia kwamba namba zile nilizozipata shuleni ndizo zitakazonitoa shuleni.

Serikali wakati ule ilikuwa kali kwa mambo ya shule, mzazi aliweza kuitwa barazani. Lakini Daktari naye alikuwa mtu wa serikali, kwa hiyo mwalimu mkuu akakubali kwa shingo upande. Nikae nyumbani muhula ule, nirudi siku ya kufungua muhula wa mwisho, niwahi mtihani wa darasa la nne. "Siku ya kufungua nisipomwona," alimwambia baba mbele yangu, "nafunga daftari." Baba akaitikia. Mimi nikahesabu Jumatatu zilizobaki, nikaona si nyingi.

Mnaikumbuka baridi ya kipupwe huku kwetu, ukungu unaposhuka hadi kwenye magoti. Mama aliniamsha kabla ya adhana. Nilijifunga kaniki ya mama kifuani, nikashika mstari wa kwanza, kigingi cha kwanza, nikainama. Mlango uko wazi, napita. Cha pili, wazi. Cha tatu kimefungwa, nakiinua, nasikia kitu kinahama ndani kutoka pembe hadi pembe, kucha zinakwaruza bati. Bati lenyewe lilikuwa baridi hadi linauma. Mistari kumi, kushuka na kupanda, vidole vinanuka karanga na mkojo wa panya, na ukungu umeziba kila upande, hujui kama kuna dunia nyingine zaidi ya kigingi kinachofuata. Nikimaliza nakaa kibandani na visanduku vyangu, namngoja Daktari, sina ruhusa ya kuondoka kwa sababu ya paka. Jioni narudia tena kutia chambo. Kila siku. Ijumaa pia. Binti wa shangazi aliolewa Malindi ya huku huku milimani, nyumba nzima ikaenda, tukabaki mimi na baba. Mama aliporudi alinielezea ngoma yote na vyakula vyote, nami nilimsikiliza huku nakanda chambo.

Wanafunzi walipita kwenye njia ya juu ya shamba kila asubuhi. Rehema, tuliyekuwa tunakaa naye dawati moja, ndiye aliyeanza.

"Shikamoo Mwalimu wa Panya!"

"Umeshaita majina, mwalimu?" mwingine akadakia. "Nani hayupo leo?"

"Muulize kama amewafundisha kujumlisha!"

Nilijibu kwa jiwe. Halikumpata mtu.

Lakini walikuwa karibu na ukweli kuliko walivyojua. Daktari alipofika, alimtoa panya kwa koleo na mfuko wa kitambaa, akampima, na kama ni mgeni alimbana sikioni kipande kidogo cha bati chenye namba. Akaiandika daftarini. Kisha akamrudisha kwenye kigingi kile kile alikokamatwa, akamwachia. Watu wa kijijini walishika vichwa. Mtu mzima, msomi, anamkamata panya anayekula mahindi yetu, anamvalisha hereni, anamwachia akale tena! Mama alisema huenda huko alikosomea hakuna panya, ndiyo maana anawapenda. Mimi nilikuwa na maelezo yangu. Niliona daftari, niliona namba, niliona kila asubuhi anaangalia nani amekuja na nani hajaja. Ile ilikuwa kuandikisha, kama tulivyoandikishwa sisi darasa la kwanza. Serikali imeamua kuandikisha panya wote, na wakishaandikishwa wote, shughuli imekwisha.

Siku moja nikamuuliza. "Daktari, kazi hii itaisha lini?"

Alikuwa anaandika, hakuinua macho. "Siku utakayoniletea visanduku, na kila panya ndani yake tayari ana namba sikioni. Siku hiyo tutakuwa tumefika."

Wenzangu, mtoto akiambiwa neno na mtu mwenye koti jeupe halisahau. Siku ya kufungua shule ilikuwa imekaribia, na wageni walikuwa bado wanaingia. Kumi na tano wanakamatwa, saba au nane hawana namba. Niliwachukia wale wageni kama nilivyowachukia waliokuwa wakinicheka njiani. Kila mmoja wao alikuwa anaongeza siku yangu.

Basi nikaanza kuchungulia. Unausukuma mlango kidogo kwa kidole, unainamisha kisanduku kuelekea mwanga. Sikio likimeta, namweka kando kwa ajili ya Daktari. Lisipometa, namkung'utia ndani ya salfeti, kiroba cha mbolea, niliyokuwa nimeificha kwenye miti ya miwati, nafunga mdomo wake, nashuka nayo mtoni, naizamisha chini ya jiwe. Kisanduku nakirudisha mahali pake wazi, kama hakijaguswa. Siku ya kwanza nilizamisha wawili, nikitazama pembeni. Siku ya pili watatu. Baada ya wiki sikutazama pembeni tena, na hakuna mgeni hata mmoja aliyefika kibandani. Salfeti ile niliibeba mgongoni, mbichi, ikinidondokea hadi kwenye visigino.

Daktari alianza kupiga mluzi. Aliandika, akafunua kurasa za nyuma, akaandika tena. "Inatulia," alisema peke yake. "Inatulia vizuri sana." Nami nilikaa pembeni kwa adabu, moyo unaruka, kwa kuwa niliona ameanza kufunga virago kabla hajasema.

Alisema siku ya Alhamisi. Baba alikuwa amekuja kibandani na viazi vya kuchemsha.

"Mzee, Jumamosi nakusanya vitu vyangu. Shamba lako limekwisha. Ni panya wale wale wachache wanazunguka."

"Alhamdulillahi," baba akasema. Akangoja. "Na ile dawa ya viroboto wa tauni, Daktari? Tulisema nikikupa shamba..."

"Dawa inafuata namba, Mzee. Nilikwambia tangu mwanzo. Ni kidogo, haitoshi milima yote. Inakwenda kwanza pale penye panya wengi. Nimeshaandika barua, nitaituma Jumamosi. Upande wenu huu utasubiri. Ikibaki, mtaletewa."

Baba aliganda na kiazi kimoja mkononi. "Mimi sijui kusoma," alisema taratibu, "lakini nina masikio. Nyumbani kwangu hatusikilizani kwa panya."

"Nakuamini, Mzee. Lakini siwezi kuandika masikio yako kwenye ripoti. Naandika kinachoingia kwenye visanduku."

Hapo ndipo nilipojua kwamba kulikuwa na dawa. Baba hakutoa shamba kwa kupenda wageni, wala hakunitoa shule kwa kunidharau. Alikuwa amewazika wale wawili, akarudi, akatazama dari letu, akatutazama sisi chini yake. Lakini hakuniambia. Nani wakati ule alimweleza mtoto sababu?

Jioni ile, baada ya Magharibi, tulikaa kula ugali na maharage. Darini walikuwa wakikimbia kama mvua ya mawe. Mmoja akaanguka, pu, katikati ya mkeka tuliokuwa tumeshatandikiwa. Akakaa kidogo amezubaa, akapanda juu ya mguu wa Zaina, akaingia ukutani. Zaina akacheka. Akajikuna mguu, akaendelea kula. Baba hakuinua macho kwenye sinia. "Karatasi inasema hawapo," akamwambia mama. Mama akasema, "Msomi ni yeye." Zaina akajikuna tena.

Jumatatu nilikuwa naenda shule. Kila kitu kilikuwa tayari, nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza siku mbili tu. Nilijaribu. Ijumaa alfajiri nilipita mstari wa kwanza na wa pili nikiwa nimenyamaza vizuri, na hapo kwenye kigingi cha ishirini na nne nikamkuta mgeni, hana namba. Nilisimama naye kwenye ukungu hadi miguu ikafa ganzi. Nikienda mbele ni uongo, nikirudi nyuma ni visanduku tena, sijui miezi mingapi. Nikambeba hivyo hivyo hadi kibandani. Daktari alipofika nikampa.

"Huyu ni mgeni," nikasema. "Na wengine niliwazamisha mtoni."

Alidhani hakusikia vizuri. Nikamweleza yote, toka siku ya kwanza. Sikulia. Nilikuwa nimejiandaa kwa kofi, lakini halikuja. Alikaa kwenye gogo, akavua kofia, akaiweka gotini.

"Kwa nini, binti?"

"Ulisema wakiwa na namba wote, kazi imekwisha. Mimi nataka shule."

Halafu akalivuta kapu la maharage ya mbegu ya mama lililokuwa pale kibandani. Akachota konzi moja ya punje, akazihesabu mbele yangu, ishirini. Akazipaka kila moja masizi ya sufuria, akazirudisha, akachanganya kwa mkono hadi chini. "Hujui kapuni mna ngapi, na huwezi kumwaga zote. Sasa chota ishirini wewe, bila kutazama." Nikachota. Mbili zilikuwa nyeusi. "Katika kila kumi, nyeusi ni moja. Na nyeusi kapu zima tunajua ni ishirini. Kwa hiyo mna ngapi humo?"

"Mia mbili," nikasema.

Akanitazama. "Kwa kukisia?"

"Karibu mia mbili. Na kama zingetoka nyeusi tupu..." Nikalitazama kapu.

"Malizia."

"Ungeandika zimo ishirini tu."

"Ndivyo nilivyoandika," akasema. "Wewe ulikuwa unaondoa zile nyeupe kabla sijachota." Kisha, kama anayezungumza na mtu mwingine, akasema, "Kuna watu wazima nimewaeleza jambo hili siku nzima hawakulipata."

Mpaka leo sijasifiwa kwa jambo lolote kama nilivyosifiwa pale, na sijawahi kutamani kusifiwa kidogo kama siku ile.

Halafu uso wake ukabadilika. "Uliwashika kwa mikono? Hiyo salfeti uliibebaje?" Nikamwonyesha mgongo. Akasimama akamwita baba kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Akanitazama makwapani, akaniuliza kama nina homa, akanipa vidonge vichungu vikubwa kama punje za mahindi, akasema nikae peke yangu siku sita, asinisogelee mtu. Nikawekwa kwenye kibanda cha mbuzi, mbuzi wakatolewa. Mama alifungua mlango, akaweka chakula juu ya kisiki akarudi nyuma, ndipo nikatoka kukichukua. Baba alikuja akasimama mbali. Hakunipiga, na hakufoka. Alisema, "Umetudanganya sisi na waliokufa pia," akaondoka.

Sikuelewa habari ya viroboto wanaohama kutoka kwa panya aliyekufa hadi kwa mtu. Mimi nilichoelewa ni kwamba nimekamatwa. Kuta za fito, mlango umefungwa kwa nje, mtu mwenye koti anakuja asubuhi na jioni kunipima joto na kuandika daftarini. Nilikuwa nimeona mara nyingi kinachofuata baada ya hapo. Kila nilipoisikia pikipiki niliziba masikio yangu yote mawili kwa viganja. Daktari alidhani yananiuma, akayatazama kwa tochi, nami nikakaza macho nikingoja bati.

Jumatatu ilikuwa siku yangu ya nne mle ndani. Niliwasikia kabla sijawaona. Nikaweka jicho kwenye upenyo wa fito. Sare zilikuwa zimefuliwa, wengine wana madaftari mapya. Rehema akasimama njiani, akatazama kibanda.

"Hadija! Wewe ndiyo umenaswa leo?"

Wakacheka, na kusema kweli hata mimi mdomo ulinicheza. Kisha akasogea hatua mbili, akashusha sauti. "Unakuja lini? Nimekuwekea nafasi dawatini."

"Alhamisi," nikasema.

"Basi Alhamisi."

Nilitoka mzima, Alhamdulillahi. Lakini kabla ya hiyo Alhamisi Daktari aliketi na baba uani, nami nikiwa nimesimama mbali kidogo kama nilivyozoea. Akasema barua hakuituma. Namba zote za wiki zile amezipiga mstari. Inabidi kuanza upya, kigingi cha kwanza, na mwaka unakwisha. "Naweza kutafuta mtu mwingine, Mzee. Itachukua siku kumpata na kumfundisha, na dawa inagawiwa kabla ya mvua. Mwenye kazi ni huyu binti. Muulize mwenyewe."

Baba akanigeukia. Katika maisha yangu yote hakuwahi kuniuliza jambo, alikuwa akiniambia tu.

"Unasemaje?"

Nilimwona Zaina nyuma yake mlangoni, anajikuna. Nikafikiria lile kapu. Kuna mambo ukishayaelewa huwezi kurudi pale ulipokuwa hujayaelewa, hata ukitaka.

"Nitafanya," nikasema. "Lakini mwalimu mkuu ajue."

Daktari akaandika barua kwa mwalimu mkuu pale pale, ukurasa mzima, akagonga na mhuri. Baba aliipeleka kwa mikono yake. Alirudi akasema imepokelewa na imewekwa kwenye saraka ya meza. Rehema nilimpigia kelele nikiwa kwenye mstari wa tano kwamba si Alhamisi, ni baadaye. Sijui kama alisikia, palikuwa na ukungu.

Safari hii sikuchungulia sikio la yeyote. Wageni walikuja wengi, niliwapeleka wote. Namba zikapanda, Daktari hakupiga mluzi, alikunja uso na kuandika. Dawa ililetwa kabla ya mvua, unga wa kijivu, wakapulizia nyumba kwa nyumba, darini, chini ya mikeka, kwenye nyufa zote. Tulipiga chafya siku tatu. Msimu ule tauni ilitajwa huku na kule milimani, lakini mtaani kwetu hakuna aliyevimba mtoki. Kama ni dawa au ni Mungu sibishani na mtu. Daktari alipakia visanduku vyake, akanipa mkono kama anavyopewa mtu mzima, akaondoka. Mwaka ulikuwa umekwisha, na mtihani ulikuwa umepita.

Siku ya kufungua mwaka mpya baba alivaa kanzu yake ya Idi, akanishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na mkono wa pili akamshika Zaina aliyekuwa anaanza darasa la kwanza. Zaina akaandikishwa mara moja. Kwangu mimi mwalimu mkuu alisita. Alikuwa mwingine, yule wa mwanzo alikuwa amehamishwa. Huyu hakutujua, hakujua habari ya panya, na kwenye saraka hakukuta barua yoyote. Alitafuta, simlaumu, alitoa hadi chaki.

"Mzee wangu," akasema, "mimi nafuata kilichoandikwa. Huyu hayumo. Angalia mwenyewe."

Akamgeuzia baba daftari la mahudhurio. Baba akalipokea kwa mikono miwili, akalitazama kwa muda mrefu kama anayelisoma. Kisha akanipa mimi.

"Nisomee."

Ilikuwa pale, kwa wino mwekundu, mwandiko wa yule mwalimu wa zamani. Ningeweza kusema chochote. Mwalimu alikuwa anatazama dirishani, Zaina hakujua herufi, na baba angeamini neno lolote litokalo mdomoni mwangu. Ningeweza kusema pameandikwa nimehama, au nimeugua, akarudi nyumbani na moyo wake mzima.

"Hadija Salimu," nikasoma. "Mtoro. Amefutwa."

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

Akalifunga lile daftari taratibu, akamrudishia mwalimu, akamshukuru. Akamwacha Zaina kwenye mstari wa wenzake, tukapanda kilima, yeye mbele mimi nyuma. Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo, na karatasi zilikuja nyingi nyumbani, za kata, za ushirika, barua za kaka zangu kutoka Mazinde. Zote alizishika mkononi, wakati mwingine mchana kutwa, akimngoja Zaina arudi shuleni amsomee, hata nilipokuwa nimekaa pale pale karibu naye.